Kumshika Njiti Bila Kumchosha: Mwongozo wa Muuguzi wa Wodi ya Watoto Wachanga Mahututi

Mtoto aliyezaliwa na wiki 28 alipaswa kukaa tumboni wiki 12 zaidi, gizani, amejikunja, akisikia moyo wa mama yake. Badala yake analala chali chini ya taa, mrija puani, na kila baada ya muda kuna mkono unaofungua kidirisha cha inkubeta. Ubongo wake bado unajengwa. Hata akifika wiki 34, ubongo unakuwa na takriban asilimia 65 tu ya uzito ambao angezaliwa nao miezi ikitimia. Kazi iliyobaki inafanyika wodini, na namna tunavyomshika, tunavyomlaza na tunavyoongea juu ya kichwa chake inaingia humo.

Mwongozo huu hauhusu dozi wala mipangilio ya mashine. Unahusu yale muuguzi anayoyafanya kati ya dozi na dozi.

Kwanza, utafiti unasemaje. Mwaka 1980 Long na wenzake nchini Marekani waliwawekea njiti vipimo vya ngozini vinavyosoma oksijeni muda wote. Walikuta kwamba oksijeni hushuka mara nyingi mtoto anaposhikwashikwa, na kwamba wauguzi walipokuwa wanakiona kipimo na kupunguza kumsumbua mtoto, muda wa kukosa oksijeni ulipungua. Miaka michache baadaye Heidelise Als, mwanasaikolojia wa Boston, alijenga mfumo unaoitwa NIDCAP: muuguzi anasoma tabia ya mtoto mmoja mmoja, kisha huduma inapangwa kumfuata mtoto huyo. Matokeo ya mwanzo yalitia moyo sana. Lakini uchambuzi wa majaribio mbalimbali uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Pediatrics haukuona ushahidi kwamba mfumo mzima unabadili maendeleo ya mtoto kwa muda mrefu.

Kwa hiyo sishauri wodi yenye wauguzi wawili wa usiku kuhangaikia mfumo mzima na vyeti vyake. Anzeni na vipande vinavyowezekana kwa vitambaa, maji ya kunawa na akina mama waliopo. Kipande chenye ushahidi mzito kuliko vyote, ambacho ni kifua cha mama, hakihitaji mashine.

Hatua ya 1: Tazama kabla ya kugusa

Nawa, pasha mikono joto, kisha simama kando ya kitanda kwa dakika moja bila kugusa kitu. Hesabu pumzi. Angalia rangi, mkao na uso. Njiti mara nyingi hana nguvu ya kulia, kwa hiyo usisubiri kilio. Mwili ndio unaosema.

Mtoto aliyeelemewa hubadilika rangi: mabaka ya ngozi, weupe, au ukijivu kuzunguka mdomo. Pumzi zinakwenda mbio, kisha zinakatika kidogo. Anapata kwikwi, anapiga chafya au miayo mfululizo, anacheua. Mikono inanyooka hewani kama anayemsukuma mtu, vidole vinatanuka, mgongo unajipinda kwa nyuma. Mwingine hufanya kinyume chake, analegea ghafla mikononi mwako. Macho yanakukwepa au yanakodoka.

Chafya moja si kitu. Lakini ukiona chafya, vidole vimetanuka na rangi imebadilika, yote ndani ya nusu dakika baada ya kumgeuza, basi amekwambia inatosha.

Mtoto anayejimudu naye anaonekana. Anapeleka mkono mdomoni, anakutanisha nyayo, anashika shuka au kidole chako, anatafuta mahali pa kuegemea mguu. Uso unalainika, pumzi zinakuwa sawa. Hapo unaweza kuendelea.

Ukiziona dalili za kuelemewa, acha ulichokuwa unafanya. Weka kiganja kimoja kichwani, kingine kishike nyayo huku magoti yamekunjwa kuelekea tumboni. Tulia hivyo bila kupapasa. Kumsugua mgongo njiti aliyechoka kunamwongezea kazi. Kiganja kilichotulia kinampunguzia. Rangi ikirudi, endelea polepole au ahirisha yanayoweza kusubiri.

Tahadhari mbili hapa. Mtoto akiacha kupumua kwa sekunde 20 au zaidi, au mapigo ya moyo yakishuka chini ya 100, hiyo ni dharura: mchochee, mpe hewa, ita msaada. Pili, mtoto anayeonyesha dalili hizi hata pale ambapo hajaguswa na mtu hajachoshwa, anaumwa. Pima sukari, pima joto, fikiria maambukizi, mwite daktari. Nimeona neno "amechoka tu" likiandikwa kwenye faili la mtoto ambaye damu yake ilikuwa tayari na vijidudu.

Hatua ya 2: Kelele na mwanga

Chuo cha madaktari wa watoto cha Marekani kilitahadharisha mwaka 1997 kuhusu kelele inayozidi desibeli 45 katika wodi hizi. Wodi nyingi zinapita hapo kabla hata mtu hajafungua mdomo, kwa sababu inkubeta yenyewe ina mota. Huwezi kuizima mota. Unachoweza ni kuacha kuiongezea.

Usifanye paa la inkubeta kuwa meza: faili, chupa ya dawa au glovu zikitua juu, ndani zinasikika kama mtu anayepiga debe. Funga vidirisha kwa kubana kitufe, usivisukume vikajibamiza. Fungua pakiti za sindano na mirija nje. Troli inayolia ipakwe mafuta, kifuniko cha ndoo ya taka kibandikwe kitambaa. Simu ziwe kimya. Raundi ya madaktari isimame hatua kadhaa kutoka kwa mtoto, hili linahitaji muuguzi mwenye ujasiri wa kumwambia daktari bingwa, "Daktari, tusogee huku kidogo." Kengele ya mashine ikilia, iwahi na umtazame mtoto kwanza. Usizime kengele moja kwa moja hata kama inaudhi.

Pangeni saa ya utulivu moja kila zamu, mfano saa nane hadi saa tisa mchana, na muda kama huo usiku. Taa zinapunguzwa, hakuna usafi wa sakafu, hakuna sampuli isiyo ya haraka. Mama anayezungumza taratibu na mtoto wake haingii katika katazo hilo. Sauti yake ndiyo aliyoizoea mtoto tangu tumboni.

Kuhusu mwanga sina mengi. Kabla ya wiki 32 hivi mboni hazijajua vizuri kujibana na kope ni nyembamba, kwa hiyo funika inkubeta kwa kitenge upande wa taa, ukiacha sehemu ya kumwona mtoto. Kama hana mashine ya kusoma oksijeni, usimfunike kiasi cha kutoiona rangi yake. Baada ya hapo apate tofauti ya mchana na usiku. Wapo wanaodhani kitambaa hicho kinazuia upofu wa njiti. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 1998 lilionyesha kwamba kupunguza mwanga hakuzuii. Kinachosaidia ni kudhibiti oksijeni: kwa mtoto anayepewa oksijeni, kiwango cha oksijeni kwenye damu kibaki kati ya asilimia 90 na 95, na mpira ufunguliwe kwa kipimo, si kwa huruma.

Hatua ya 3: Kusanya kazi, lakini usizirundike

Ukimfungulia mtoto saa mbili kwa joto, saa mbili na nusu kwa nepi, saa tatu kwa maziwa na saa tatu na robo kwa dawa, hajalala. Usingizi ndio muda ambao ubongo unajipanga na homoni ya ukuaji inatoka. Basi funga kazi pamoja kuzunguka ratiba ya maziwa ya kila saa tatu.

Kabla ya kufungua kidirisha, panga kila kitu: nepi, pamba, kipimajoto, sirinji, maziwa. Ongea kwa sauti ya chini, kisha weka mkono bila kuusogeza, ajue umefika. Pima joto la kwapani (linatakiwa liwe kati ya 36.5 na 37.5), badilisha nepi, mgeuze, mlishe, funga.

Hapa kuna mtego ambao mafunzo mengi hayausemi. Mtoto wa gramu 900 akifanyiwa yote hayo kwa mpigo, ukaongeza kuvuta makohozi na kutoboa kisigino, anaweza kuzimia katikati. Kukusanya kazi kulibuniwa kumpa mtoto mapumziko, si kumwahisha muuguzi chai. Kwa mdogo sana gawa mara mbili, na pumzisha kati ya kitendo na kitendo.

Saa 72 za mwanzo zina sheria zake, kwa sababu ndipo kuvuja damu kwenye ubongo wa njiti hutokea zaidi. Kichwa kikae katikati, usawa mmoja na kiwiliwili, kisigeuzwe kwa nguvu upande mmoja. Usibadilishe nepi kwa kuinua miguu juu kama tunavyofanya kwa mtoto mkubwa. Mlaze ubavu na utelezeshe nepi chini yake. Usimwogeshe. Dawa ya mshipa isukumwe polepole.

Hatua ya 4: Kiota

Mtoto wa miezi tisa alizaliwa akiwa amebanwa, misuli yake imejifunza kukunja. Njiti hakupata muda huo, na mvuto wa ardhi unambandika kwenye godoro, mikono na miguu imetawanyika kama chura aliyekanyagwa. Akikaa hivyo wiki kadhaa, mabega yanarudi nyuma na nyonga zinafunguka kupita kiasi.

Kunja taulo mbili au khanga mbili ziwe mviringo, ziunge kwa umbo la herufi U, zifunike kwa shuka safi. Mtoto akae ndani, nyayo ziguse ukingo wa chini ili apate pa kujisukumia, mikono iwe karibu na uso. Kiota kiwe cha kutosha kumzuia asitawanyike, kisiwe cha kumfunga. Upande wa juu uache wazi. Nguo zibadilishwe kila siku na kila zinapolowa, na kila mtoto awe na zake. Kiota kichafu kinachohamishwa kutoka kitanda hiki kwenda kile ni bora kisiwepo.

Kulala kifudifudi kunamsaidia mwenye shida ya kupumua, lakini ni kwa mtoto aliye kwenye mashine ya kusoma oksijeni tu. Anapokaribia kuruhusiwa, ondoa kiota na mzoeshe kulala chali mahali tambarare, na umweleze mama sababu. Vinginevyo ataiga nyumbani alichokiona wodini.

Hatua ya 5: Maumivu

Hadi miaka ya 1980 kulikuwa na madaktari walioamini kwamba mtoto mchanga hasikii maumivu kama sisi, na njiti walipasuliwa kwa dawa kidogo mno za usingizi. Kazi za Anand na wenzake za mwaka 1987 zilisaidia kuivunja imani hiyo. Bado, kwenye kutoboa kisigino tunafanya kana kwamba hawakuandika.

Jiulize kwanza kama sampuli ni ya lazima, na kama vipimo viwili vinaweza kutoka kwenye tobo moja. Kisha, kama dakika mbili kabla, mpe matone ya maziwa ya mama kwenye ulimi. Wodi yenye utaratibu wa maji ya sukari maalumu iufuate. Usichanganye sukari ya jikoni. Mtoto akiwa kifuani kwa mama, mtobolee hapohapo. Kama hayuko kifuani, mtu wa pili amkunje kwa viganja tangu kabla ya sindano hadi atulie. Mtu huyo anaweza kuwa mama.

"Mama, nawa kisha njoo usaidie. Kiganja kimoja kichwani, kingine miguuni. Usimsugue, mshike tu."

"Sitamuumiza, sista?"

"Humuumizi. Mimi ndiye nitakayemuumiza kidogo, wewe unamshika asiwe peke yake."

Pima maumivu kwa kipimo kinachoeleweka na zamu zote. NIPS inatosha: uso, kilio, pumzi, mikono, miguu na hali ya kuwa macho, jumla kuanzia 0 hadi 7. Zaidi ya 3, chukua hatua na uandike. Kwa mambo makubwa kama kuwekewa mrija wa kifuani, kiganja na maziwa havitoshi, dai dawa. Na plasta iloweshwe kwa maji ya uvuguvugu kabla ya kubanduliwa, maana ngozi ya njiti hutoka nayo.

Hatua ya 6: Kifua cha mama

Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Inkubeta hazitoshi, watoto wawili au watatu wanalazwa pamoja na kuambukizana. Daktari Edgar Rey Sanabria akaanza kuwafunga njiti vifuani kwa mama zao. Kwa miongo mingi huduma ya kangaruu ilihesabiwa kuwa ya mtoto aliyekwisha kutulia: apone kwanza, ndipo apewe mama.

Utafiti ulioongozwa na Shirika la Afya Duniani ukaugeuza mpangilio huo. Ulifanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, kwa watoto 3,211 wenye uzito wa kuanzia kilo 1.0 hadi chini ya 1.8. Nusu yao walianza kangaruu mara tu baada ya kuzaliwa, ndani ya wodi ya mahututi, mama akilazwa humohumo na mtoto. Waliokufa ndani ya siku 28 walikuwa asilimia 12.0, dhidi ya 15.7 kwa waliosubiri kutulia. Kamati iliyosimamia usalama wa utafiti huo iliagiza usajili usimamishwe mapema kwa sababu faida ilionekana wazi, na matokeo yakachapishwa mwaka 2021. Mwaka uliofuata shirika hilo likapendekeza kangaruu ianze haraka iwezekanavyo, saa 8 hadi 24 kwa siku. Wanaosubiri ni wale wasioweza kupumua wenyewe baada ya kuhuishwa, walio kwenye mshtuko, au wanaohitaji mashine ya kuwapumulia. Mwenye CPAP (mashine inayosukuma hewa puani kwa mtoto anayepumua mwenyewe), dripu au mrija wa kulishia anaruhusiwa.

Namna ya kumfunga: mtoto avae nepi, kofia na soksi tu. Mama aegemee, asilale tambarare. Mweke wima katikati ya matiti, kifua kwa kifua. Kichwa kigeuzwe upande mmoja na kiinuke kidogo, kidevu kisizame kifuani, maana shingo ikijikunja njia ya hewa inaziba. Miguu ikunjwe mkao wa chura, mikono ikunjwe pia. Funga kitambaa kwa kubana, ukingo wa juu ufike chini ya sikio. Mama akisimama, mtoto asiteleze. Kwa mwenye CPAP muwe wawili: mmoja amshike mtoto, mwingine abebe mipira na kuibandika kwenye bega la mama. Kila utakapopita, angalia shingo, rangi na pumzi. Joto lipimwe kama kawaida.

Ugumu halisi hauko kwenye kufunga kitambaa. Uko kwenye mlango. Wodi nyingi bado zinamwita mama kwa saa za maziwa, kisha zinamtoa. Mama aliyepasuliwa yuko jengo jingine na hakuna kiti cha magurudumu. Hakuna kitanda, hakuna kiti cha kuegemea, chakula kinaletwa na ndugu. Haya hayatatuliwi na muuguzi peke yake, lakini muuguzi ndiye anayeweza kuyaandika na kuyafikisha kwa mganga mfawidhi: tunahitaji viti kadhaa vya kuegemea, na ruhusa ya mama kukaa muda wote. Huko Tallinn, Estonia, mwaka 1979, daktari Adik Levin aliwaingiza akina mama kutunza watoto wao usiku na mchana kwa sababu wauguzi hawakutosha. Uhaba wetu unafanana na wao.

Mama akiwa hajiwezi, baba anaweza. Bibi anaweza, shangazi pia. Muulize mama amchague nani, usimchagulie. Baadhi ya kina baba husita kuvua shati mbele ya wanawake wodini. Pazia moja linamaliza mjadala.

Hatua ya 7: Kulisha

Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio hukomaa karibu na wiki 34. Kabla ya hapo maziwa yapite kwenye mrija, yashuke kwa uzito wake, yasisukumwe kwa sirinji. Wakati yanashuka, mtoto awe kifuani, au anuse titi na kulilamba baada ya mama kukamua. Watoto wanaopewa nafasi ya kunyonya bila kulishwa huwahi kuhama kutoka kwenye mrija.

Unapoanza kikombe au titi, fuata mtoto kuliko saa. Akiwa macho na ametulia, jaribu. Akitanua vidole, akikunja uso na maziwa yakichuruzika pembeni, mpe nafasi ya kupumua, kisha malizia kwa mrija. Mililita tano alizomeza vizuri zina faida kuliko 15 zilizomfanya awe bluu.

Hatua ya 8: Andika, kabidhi

Kwenye kadi ya mtoto ongeza mistari minne: saa za kangaruu kwa siku, alama ya maumivu, anachokistahimili na kinachomuelemea, na kinachomtuliza. Mfano: "Hapendi kulala ubavu wa kulia, oksijeni hushuka. Hutulia akishikwa miguu. Kangaruu saa 9, bibi alipokea usiku." Zamu inayoingia isianze kumjifunza upya.

Mkitaka kujua kama wodi inabadilika, hesabuni vitu vichache kila mwezi: wastani wa saa za kangaruu, watoto waliokutwa na joto chini ya 36.5, na tobo ngapi za kisigino zilifanyika bila kumtuliza mtoto kwanza. Hii ya tatu italeta ubishi kikaoni. Iachieni ilete.

Kabla ya kuruhusiwa, mama awe amebadilisha nepi, amelisha na kumfunga mwanawe peke yake usiku kucha, wewe ukiwa mtazamaji. Mpangie kliniki ya uzito na maendeleo, kipimo cha kusikia kama kipo, na macho yaangaliwe wiki ya nne baada ya kuzaliwa kama alikuwa mdogo sana au alikaa muda mrefu kwenye oksijeni. Tarehe ya macho iandike kwa herufi kubwa juu ya kadi na umsomee mama kwa sauti. Wiki hiyo ikimkuta bado amelazwa, apimwe wodini.